Mbio na Kungoja: Uhakiki wa Mchezo wa "Salaam"

Wale waliotutafutia maneno ya Kiswahili kwa ajili ya kompyuta hawakwenda mbali. Kazi ya kupeleka kitu kwenye mtandao waliiita kupakia, na ile ya kukitoa huko wakaiita kupakua. Maneno hayo ni ya bandarini. Katika Bandari ya Bujumbura, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, yangali yakitumika kwa maana yake ya asili: saruji hupakuliwa, magunia hupakiwa, na Kiswahili ndicho kinachowawezesha kuelewana Mrundi, Mtanzania wa Kigoma, Mkongo wa Kalemie na baharia aliyeng'oa nanga Mpulungu, Zambia. Basi mwalimu wa Kiswahili wa mji huu hana sababu ya kuona haya akitaka kusema neno juu ya michezo ya kompyuta. Msamiati wa mambo hayo umetoka mlangoni pake.

Makala haya yanakusudia kuhakiki mchezo mmoja uitwao "Salaam", uliotungwa na Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini aliyelelewa Uganda. Tutauchunguza kwa vipimo vile vile tunavyovitumia kwa riwaya au tamthilia, yaani fani na maudhui, kisha tutaongeza kipimo cha tatu ambacho wahakiki wetu aghalabu hukisahau: mahali pa kuchapishia. Maana kitabu hakiandikwi hewani. Mwandishi anayejua kwamba hadithi yake itatoka gazetini kila juma huiandika kwa namna moja, na yule anayetunga kwa ajili ya jukwaa hutunga kwa namna nyingine. Vivyo hivyo, mtunzi wa mchezo anayekusudia uchezwe ndani ya kivinjari cha intaneti amekwisha kubali masharti fulani kabla hajachora mstari wa kwanza.

Masharti hayo ni yapi? Mchezo wa kivinjari haupakuliwi wala hausimikwi kwenye mashine. Mchezaji hubonyeza kiungo, ukurasa hufunguka, mchezo huanza. Akichoka hufunga ukurasa na kwenda zake. Kwa mtunzi mdogo asiye na kampuni nyuma yake, huu ni msaada mkubwa. Tangu mwaka 2013, kwa mfano, tovuti ya itch.io imemruhusu mtu yeyote kupakia mchezo wake bila ada ya kuingia, na tangu mwaka 2015 mtunzi mwenyewe ndiye anayeamua sehemu gani ya mapato aiachie tovuti hiyo. Lakini kila rahisi ina bei yake. Mchezo wa namna hii sharti uwe mwepesi, kwa kuwa msomaji wa Buyenzi au Kinama anaufungua kwa kifurushi alichokinunua kwa fedha yake. Sharti ueleweke upesi, kwa kuwa aliyeingia kwa kubonyeza mara moja atatoka kwa kubonyeza mara moja. Shehena nzito haiingii kwenye mtumbwi.

Sasa tumtazame mtunzi. Lual Mayen alizaliwa wakati wazazi wake wakikimbia vita, na dada zake wawili walifariki katika safari hiyo. Aliishi miaka 22 katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Alipoiona kompyuta kwa mara ya kwanza, katika shughuli ya kuandikisha wakimbizi, alimwambia mama yake kwamba anaitaka. Mama huyo aliweka akiba kwa miaka 3 mpaka akatimiza dola 300 za Marekani, akamnunulia. Kambini hapakuwa na umeme. Kijana akawa anatembea saa 3 kwenda mahali pa kuichaji, na saa 3 kurudi. Alijifundisha mwenyewe. Toleo la kwanza la "Salaam" alilitengeneza huko huko kambini, akalitoa mwaka 2016. Watu walilipokezana kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth, kisha akaliweka kwenye Facebook, na dunia ikamwona. Mwaka 2017 alihamia Marekani, akaanzisha kampuni yake ya Junub Games, na mwezi Desemba 2018 akatunukiwa heshima katika sherehe za The Game Awards. Toleo jipya alilitangaza kuwa litatolewa miongoni mwa ile michezo ya Facebook inayofunguka papo hapo, ambayo kampuni hiyo ilikuwa imeianzisha mwaka 2016 na ambayo imejengwa kwa lugha ya kurasa za wavuti. Hapa tunaupima mchezo huo kwa mpango wake kama mtunzi alivyoueleza hadharani.

Tuanze na jina. "Salaam" kwa Kiarabu ni amani, na mtunzi ametaka lisomwe hivyo. Lakini sisi wasemaji wa Kiswahili tuliupokea mzizi huo kwa njia yetu. Amani tuliitwaa kutoka mzizi mwingine wa Kiarabu, na huu wa pili tukaugawa sehemu mbili: tukapata salamu, yaani neno la kwanza baina ya watu wawili wanaokutana, na tukapata salama, yaani hali ya kufika pasipo madhara. Twasema "safari salama" na "mmefika salama?" Kwa hiyo kama mchezo huu ungefasiriwa kwa Kiswahili, mfasiri mwema asingeuita "Amani". Angeuita "Salama", na angekuwa ameufunua kuliko jina lake lenyewe linavyoufunua. Maana kinachotafutwa na mkimbizi aliye njiani si amani ya mataifa. Ni kufika.

Maudhui ya mchezo ni mepesi kueleza. Mchezaji ni mkimbizi. Anakimbia kutoka kijiji kilichoshambuliwa akielekea mahali penye utulivu. Njiani hupungukiwa na nguvu. Huhitaji chakula, maji na dawa. Akiishiwa, anaweza kununua vitu hivyo kwa fedha halisi, na mtunzi alikusudia kwamba sehemu ya fedha hiyo, kupitia mashirika ya misaada, imfikie mkimbizi halisi aliye kambini. Dhamira ni njema na imeelekezwa mahali pake. Katika michezo mingi ya vita iliyotoka Marekani na Ulaya, mchezaji ndiye mwenye bunduki, na wanaokimbia ni mandhari tu. Mayen ameigeuza kamera. Aliyekuwa mandhari sasa ndiye mhusika mkuu, na aliyezoea kulenga shabaha sasa anatafuta maji. Hilo peke yake ni tendo la kihakiki, na tunalisifu bila ya kusita.

Lakini fani yake je? "Salaam" ni mchezo wa mbio: mhusika hukimbia mbele, mchezaji humwelekeza akwepe hatari. Fani hii ina historia, na historia yenyewe yatufaa hapa. Mwaka 2009 Mmarekani Adam Saltsman alitoa "Canabalt", mchezo wa kivinjari ambamo mtu hukimbia juu ya mapaa ya mji unaobomoka, asijulikane anakimbia nini. Kitufe ni kimoja tu, cha kuruka. Mchezo huo mdogo ndio ulioipa fani ya mbio zisizo na mwisho umaarufu wake, na kutoka hapo ikaenea katika simu za dunia nzima. Tazama jinsi fani hii inavyoyatimiza masharti ya kivinjari moja baada ya jingine: ni nyepesi, haihitaji maelezo, huchezwa kwa kidole kimoja, huisha kwa dakika chache na kuanza upya. Tena haihitaji lugha. Anayekimbia haulizwi jina.

Hapo ndipo mgogoro wa fani na maudhui unapojitokeza. Je, ukimbizi ni mbio?

Wakazi wa ufuko huu wa Tanganyika wana jibu. Mwezi Mei 2015, wakati wa machafuko ya kisiasa nchini Burundi, makumi ya maelfu ya watu walivuka milima na kushukia Kagunga, kijiji cha Tanzania kilicho ufukoni karibu na mpaka. Barabara ya gari haikuwapo. Njia ya kutokea ilikuwa maji. Meli ya Liemba, ile iliyoingizwa ziwani na Wajerumani mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen, ikawa inabeba mamia kwa kila safari hadi Kigoma, na kutoka huko watu wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Nafasi zilikuwa chache na watu walikuwa umati. Kipindupindu kikazuka ufukoni kabla zamu ya wengi haijafika. Mbio za kutoka nyumbani zilikuwa zimekwisha; kilichobaki kilikuwa mchanga, foleni ya maji, mtoto mwenye homa, na swali moja lililoulizwa kila alfajiri: meli itarudi lini?

Huo ndio ukimbizi. Sehemu yake ya mbio huwa fupi, na sehemu yake ya kungoja huwa ndefu. Hata maisha ya mtunzi mwenyewe yanashuhudia hivyo. Familia yake ilikimbia kwa muda, ikangoja miaka 22. Mama yake alingoja miaka 3 ili kununua chombo kimoja. Yeye mwenyewe alingoja betri ijae, akarudi kwa miguu, akatunga mpaka ikaisha, akaenda tena. Ukiniuliza ni kitu gani katika habari ya "Salaam" kinachomgusa mtu kuliko vyote, nitakujibu kwamba ni hizo saa 3 za kwenda na saa 3 za kurudi. Nazo hazimo ndani ya mchezo. Mtunzi aliyeijua subira kuliko wengi wetu ametunga kazi ambamo kusimama ni kufa.

Hatusemi haya ili kumlaumu. Twataka kuonyesha jinsi mahali pa kuchapishia palivyomvuta mkono. Mchezo unaotafuta nafasi mbele ya macho ya mtu anayepitia ukurasa wa Facebook unashindana na picha za harusi, habari za mpira na ugomvi wa wanasiasa. Mtunzi anayelijua hilo huchagua mbio, kwa kuwa mbio humshika mtu mara moja. Hivyo maudhui ya mkimbizi yakavalishwa fani ya mtu mwenye haraka, na haraka hiyo ni ya mchezaji zaidi kuliko ya mkimbizi.

Pengine msomaji atatujibu kwamba hapakuwa na njia nyingine. Kivinjari ni mahali pa haraka, na asiyetaka haraka aandike riwaya. Jibu hilo lina nguvu, lakini kuna mfano unaolipinga. Mwezi Oktoba 2021 Josh Wardle, mhandisi wa programu, aliuweka hadharani mchezo mdogo wa kivinjari uitwao "Wordle". Mchezaji hukisia neno la Kiingereza lenye herufi 5, kwa majaribio 6. Neno ni moja tu kwa siku. Ukishalipata au kulikosa, mlango unafungwa mpaka kesho. Wakati huo hapakuwa na fedha ya kukufungulia. Tarehe 1 Novemba 2021 wachezaji walikuwa 90. Miezi miwili baadaye walizidi 300,000, na mwishoni mwa Januari 2022 gazeti la New York Times likaununua. Watu walipendezwa na nini? Herufi tano peke yake hazitoshi kueleza jambo hilo. Walipendezwa na kungoja pamoja. Mtu wa London na mtu wa Nairobi walikuwa na neno moja siku hiyo, na hakuna aliyeweza kumtangulia mwenzake kwa kulipa. Kivinjari kile kile, wepesi ule ule, lakini subira imefanywa kuwa kanuni ya mchezo.

Wala sisi hatukuhitaji kufundishwa hayo na Wardle. Bao letu, lenye mashimo 32 na kete 64, ni mchezo wa kungoja. Mwenzako anaposambaza kete zake, wewe umekaa, unahesabu kwa macho, na waliozunguka wanakushauri hata kama hukuwaomba. Ndugu zake wa bara, ukiwamo ule ambao Warundi wakiucheza husema wanabuguza, wana tabia hiyo hiyo. Nusu ya utamu wa bao ni maneno yanayosemwa wakati zamu si yako.

Neno hilo, maneno, latupeleka kwenye hoja inayotuhusu zaidi sisi walimu wa lugha. Wanaokimbia hawazungumzi, wanaongoja huzungumza. Penye kungoja ndipo lugha inapofanya kazi: bandarini kabla meli haijafunga gati, kwenye foleni ya kisima, nje ya ofisi ya kuandikisha majina. Mrundi wa kijijini aliyefika Kagunga na Kirundi peke yake alianza kuokota Kiswahili katika kungoja huko, kwa kuwa ilimbidi kuuliza na kuulizwa. Kwa hiyo mchezo wa mbio unapokiacha kipindi cha kungoja, unaiacha pia lugha. Na mchezo usio na lugha, hata ukiwa na dhamira njema kiasi gani, haumsaidii mtoto wa Burundi, Tanzania au Kongo kulisikia jina la mateso yake kwa ulimi anaoufahamu.

Lipo na jambo la fedha. Katika mpango wa "Salaam", mchezaji mwenye uwezo hununua maji, na maji hayo yanawafaa watu wawili: mhusika aliye kwenye kioo, na mkimbizi aliye kambini. Wazo hili ni zuri, na linawageuza watazamaji kuwa wasaidizi. Lakini tujiulize ni nani aliyetazamiwa kucheza. Bila shaka ni mtu wa mbali, mwenye kadi ya benki. Fikiri mkimbizi halisi akiufungua mchezo huo kwenye simu ya kuazima. Yeye hana cha kununulia. Mhusika wake akipungukiwa na maji, hana la kufanya ila kumtazama akianguka. Yule ambaye mchezo unamzungumzia ndiye ambaye mchezo haumpi njia ya kuvuka. Mtunzi angaliweza kuweka njia ya pili: asiye na fedha na angoje, na katika kungoja kwake, mhusika mwingine ampe maji. Kungoja kungekuwa sarafu ya maskini, kama kulivyo katika maisha.

Tukumbuke pia kwamba gati hili la intaneti lina wenyewe. Kwa miaka mingi michezo ya kivinjari, "Canabalt" ya kwanza ikiwamo, ilitengenezwa kwa Flash ya kampuni ya Adobe. Tarehe 31 Desemba 2020 kampuni hiyo ilikoma kuihudumia, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 programu yake ikazuia kazi hizo zisichezwe. Maelfu ya michezo ikawa kama merikebu zilizoachwa mchangani maji yalipokupwa. Wapenzi waliojitolea ndio waliookoa mingi kati yake. Anayechapisha ndani ya Facebook naye anafunga mashua kwenye nguzo ya mtu mwingine. Kwa hiyo tunalitazama kwa heshima toleo la kwanza la "Salaam", lile la kambini, lililopita kwa Bluetooth kutoka mkono hadi mkono. Halikuhitaji ruhusa ya mwenye gati. Kiufundi lilikuwa duni kuliko lile lililofuata, lakini kwa njia yake ya uchapishaji lilikuwa huru zaidi.

Uamuzi wetu basi ni huu. "Salaam" ni kazi yenye maudhui makubwa ndani ya fani ndogo kuliko maudhui hayo. Inastahili kuchezwa, kuzungumzwa darasani na kuheshimiwa kama mlango wa kwanza. Haistahili kuigwa bila ya kufikiri. Kijana wa Afrika Mashariki atakayetunga mchezo juu ya ukimbizi, njaa au safari asidhani kwamba kivinjari kinamlazimisha kukimbia.

Kwa walimu wenzetu tunaongeza jambo moja la kutenda. Tangu mwaka 2009 kuna chombo kiitwacho Twine, kilichotungwa na Chris Klimas, ambacho hutolewa bure. Kwa chombo hicho mtu huandika hadithi yenye njia panda: msomaji husoma kipande, huchagua jibu, na hadithi hufuata chaguo lake. Asiyejua kuandika programu anaweza kukitumia, na kazi iliyokamilika huwa faili moja tu linalofunguka katika kivinjari chochote, hata pasipo intaneti, na linaloweza kupita kwa Bluetooth kama lilivyopita toleo lile la kambini. Tangu Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, hoja ya kuwapa vijana wetu Kiswahili chenye matumizi imesemwa katika mikutano mingi. Hapa kuna matumizi. Darasa moja na litunge mchezo wa abiria anayengoja chombo katika Bandari ya Bujumbura. Asikimbie. Amwamkie kuli kwa adabu, aulize nauli, asikilize uvumi, agawane muhogo na mgeni asiyemfahamu, akosee neno na kusahihishwa. Kila jibu atakalochagua mchezaji liwe sentensi ya Kiswahili sanifu au ya Kiswahili cha mjini, na tofauti ya hizo mbili iwe na matokeo yake katika hadithi. Meli itakapoonekana, wanafunzi wenyewe waamue ni nani ana nafasi na ni nani atabaki ufukoni hadi kesho. Uamuzi huo waujadili kwa sauti, kwa Kiswahili, kabla hawajaupakia.